Pasi ya Upande Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili ni la mjukuu wangu. Kurasa za mbele zimejaa hesabu alizokosa, wekundu mtupu, kama pamechinjwa kuku. Zilizobaki kanipa mimi. Anasema, "Bibi, kila siku unanigombeza mimi. Siku nyingine ligombeze daftari." Ana mdomo huyu. Kaurithi kwa marehemu babu yake, si kwangu.

Haya, naandika. Niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa madaktari wa pale kazini. Mimi ni dobi wa hospitali. Mwaka wa ishirini na sita sasa napiga pasi nguo za wodi ya wazazi: shuka za kina mama, na vile vitambaa vyeupe wanavyofungiwa watoto wakizaliwa. Wa kwanza kumshika mtoto ni mkunga. Wa pili ni mimi, maana kitambaa kile kimetoka mikononi mwangu. Matroni mwenyewe, mkuu wa wauguzi, haniiti kwa jina. Ananiita Mama Pasi.

Mvua imeanza leo.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumamosi, 9 Machi

Dobi tumebaki wawili. Wa tatu yuko likizo, kajifungua. Anayefua na kuanika ni mjane mmoja kijana, mrefu, tunamwita Twiga. Ana miezi minane kazini. Jema lake ni kwamba hahitaji stuli kufikia kamba. Baya lake ni kuimba, na sauti Mungu hakumpa.

Leo nimemkuta ametandaza vitambaa vya watoto juu ya ua wa michongoma kule nyuma.

"Wewe, huo ua ni kamba?"

"Kamba zimejaa, Mama. Chini ya bati hakuna hata pa kutundika soksi."

"Na nzi je?"

"Nzi ana ubavu gani mbele ya pasi yako?"

Akacheka, na mimi nikacheka. Mvua zikija kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi. Mayai yenyewe huyaoni. Nguo ikigusa ngozi ya mtu, yanaanguliwa, funza anatoboa na kuingia, pale anapokaa panavimba kama jipu. Dawa yake ni moja tu, pasi ya moto, pande zote mbili, na kwenye mishono urudie. Hilo hata asiyesoma analijua. Nikamwambia, "Basi anika hapo. Mimi nipo."

Naliandika hilo. Nilisema mimi nipo.

Jumapili, 10 Machi

Mchungaji amehubiri kwamba kazi ya mikono ikifanywa vizuri humfikia Mungu sawasawa na wimbo. Watu wanatikisa vichwa. Mimi nikawaza, ndiyo kwanza mnajua leo? Baada ya ibada Mama Mchungaji kanishika mkono. Anataka nizungumze na kina mama Jumapili ya tarehe saba Aprili, nieleze ninavyomtumikia Mungu kwa kazi yangu. Nimekubali. Nilijifanya kukataa kidogo kwanza, kwa adabu.

Nitasema ukweli. Mimi sijui kusali maneno marefu. Sala yangu ni pasi. Nikikikunja kitambaa nasema, Bwana, kuna mtu anakuja, mpokee. Kisha nachukua kingine.

Jumanne, 12 Machi

Matroni kaja mlangoni. "Mama Pasi, nikuletee mtu wa jikoni akusaidie mpaka mvua zipungue?"

"Wa jikoni wakapige pasi masufuria yao."

Wauguzi waliokuwa naye walicheka mpaka wakashikana. Nimefurahi siku nzima.

Ijumaa, 15 Machi

Mkaa umelowa. Unaupepea mpaka kwapa linauma, unatoa moshi tu. Ninazo pasi mbili, moja inapata moto huku naitumia nyingine, leo zote mbili vuguvugu. Goti nalo limevimba kama embe. Saa tisa muuguzi kaja mara ya tatu, "Mama, tuna wazazi wanne, hatuna cha kuwafungia watoto," na mbele yangu rundo bado linafika kifuani.

Nimepiga upande mmoja. Nikakunja upande uliopigwa ukae nje. Ukiliangalia rundo, huwezi kujua.

Leo tu.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Leo pia.

Jumanne, 19 Machi

Leo pia. Mkaa ulikuwa mkavu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mkaa ulikuwa mkavu, na nilimaliza mapema nikakaa na kahawa.

Jumatano, 20 Machi

Matroni kaleta wageni, wakubwa kutoka kwa wanaotusaidia dawa. Kachukua kitambaa juu ya rundo, kakiweka kiganjani kama yai. "Huyu mama hajawahi kutuletea nguo yenye mkunjo. Laiti kila mtu hapa angefanya kazi hivi." Mgeni mmoja akanipa mkono. Nikampa wa kwangu.

Twiga alikuwa kasimama na beseni la nguo mbichi. Alitazama rundo, akanitazama, akaenda zake kuanika. Hakuimba.

Alhamisi, 21 Machi

Nimemgombeza mjukuu. Kafagia katikati ya chumba, chini ya kitanda kaacha vumbi la kupandia mchicha.

"Bibi, mgeni gani anaingia chini ya kitanda?"

"Mungu anaingia."

Nilisema upesi, kama ninavyosemaga siku zote. Yeye akashika fagio, akainama, akafagia kimya. Nilitamani angenijibu.

Jumatatu, 25 Machi

Mama mmoja amerudisha mtoto wa siku saba. Ana vipele mgongoni. Wauguzi wanasema joto. Joto gani, na mvua hii?

Jumanne, 26 Machi

Wamekuwa watatu.

Jumatano, 27 Machi

Sina budi kuandika yote.

Asubuhi wameniita wodini kwa sababu Matroni alitaka nione. Watoto watano, na kufikia mchana saba. Wamelazwa kifudifudi, migongo wazi. Muuguzi kampaka mmoja mafuta mazito juu ya jipu, akangoja, kisha akaminya kwa vidole viwili. Funza akatoka, mweupe, mnene kama punje ya wali uliovimba. Mtoto alilia. Najua kilio cha njaa, najua cha tumbo, nimelea watano na wajukuu. Kile sikuwahi kukisikia. Mama yake alikuwa amegeukia ukuta.

Muuguzi akaweka funza kwenye kibakuli. Walikuwamo wengi tayari.

Matroni akaja chumba chetu cha dobi, kafunga mlango. Tulikuwa watatu tu: yeye, mimi, Twiga.

"Hizi nguo zinaanikwa wapi?"

Twiga kasema bila kuzunguka, "Nyingine kwenye ua, Matroni. Kamba hazitoshi."

"Kwenye ua, wakati huu wa mvua. Nani alikuruhusu?"

Twiga akanyamaza. Hakunitazama. Alikuwa ananingoja niseme, nilijua ananingoja, chumba kidogo kile, pumzi yake naisikia. Mimi nikatazama pasi.

Matroni kanigeukia, sauti kaishusha, ile ya heshima. "Mama Pasi, samahani kukuuliza. Ulipiga pande zote mbili?"

Nikasema, "Matroni, miaka ishirini na sita."

Ndivyo nilivyosema. Sikusema ndiyo. Nilitaja miaka, nikaiacha ijibu. Njiani kurudi nyumbani nilijiambia kwamba sikusema uongo, maneno yenyewe ni ya kweli. Mtu mzima na mvi zangu.

Matroni akaitikia kwa kichwa. "Nilijua. Nimeuliza kwa sababu lazima niulize." Kisha kwa Twiga, "Kabidhi funguo."

Twiga alivua aproni, akaikunja vizuri, pande zikalingana, akaiweka juu ya meza yangu. "Kwaheri, Mama," akasema. Ana watoto wawili.

Alhamisi, 28 Machi

Nimepiga pande zote mbili. Nimepiga mishono, pindo, hata kamba za kufungia. Hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi, 30 Machi

Nimejaribu kusali. Nikisema "Bwana," naona kibakuli kile.

Jumanne, 2 Aprili

Wameniletea mtu wa jikoni. Ni mzito kama gunia na anauliza kila kitu mara mbili, lakini sikumsema. Mjukuu kaniuliza kama naumwa. "Bibi, siku ya tatu hujanigombeza." Nikamwambia aoshe sufuria. Akasema ameshaosha, nje na ndani. Nikaenda kuangalia. Kweli.

Jumapili, 7 Aprili

Nilidhani nitaugua. Nikaamka mzima kabisa.

Kanisa limejaa. Mama Mchungaji kanitambulisha, kasema mimi ni mfano. Nikasimama nikiwa nimeamua kusema. Mungu anajua nilikuwa nimeamua, maneno nilikuwa nayo ulimini. Kisha nikaona nyuso zote zile zimeinuliwa, za kina mama wenzangu, na wale wasichana wa kwaya wanaoniona mzee wa zamani, leo wametulia. Nikaanza na yale niliyokuwa nimeyaandaa tangu mwezi uliopita. Nikasema sala yangu ni pasi. Nikasema Mungu haangalii upande wa nje peke yake. Hilo la mwisho sikuliandaa, lilitoka lenyewe, nikadhani hapo ndipo litakapofuata lile jingine. Wakasema "Amina" kwa nguvu. Mmoja alikuwa anafuta machozi. Nikasema asanteni, nikaketi.

Mjukuu aliniambia njiani, "Bibi, leo umenipendeza." Nikamwambia atembee upesi, mvua inakuja.

Mimi nimewasema watu maisha yangu yote. Jirani ana uchafu, mkwe ana uvivu, mchungaji ana mahubiri marefu. Nimekuwa hodari wa kuona kijiti kwenye jicho la mtu hata akiwa ng'ambo ya barabara.

Jumatano, 10 Aprili

Mama mmoja kaja dobi, kambeba mtoto kifuani, kwa uangalifu, mkono mmoja hewani asiguse mgongo. Mtoto huyo ndiye aliyeumia kuliko wote saba. Wamemruhusu leo. Kasema amemwuliza Matroni mpiga pasi ni nani.

"Nimekuja kukushukuru, Bibi. Tangu yule mzembe aondolewe, nguo zinakuja safi. Wamesema wewe ndiye unayefanya kazi kwa moyo." Akanipa mche wa sabuni umefungwa kwenye gazeti.

"Sistahili hiki, mwanangu."

"Chukua, Bibi. Wazee mnapenda kukataa."

Nikachukua. Alipoondoka niliiweka chini, nikaiangalia. Yule wa jikoni akauliza, "Ni sabuni?" Nikasema ni sabuni. Akauliza tena.

Kumwita Twiga mzembe. Twiga aliyekuwa anasuuza maji matatu wakati mimi nilimfundisha mawili yanatosha. Kina mama wanajifungua wanaambiana wodini, yule mzembe, yule mzembe, na mtaa mzima utajua, na nani atampa kazi ya kugusa nguo zake?

Alhamisi, 11 Aprili

Nimekwenda ofisini kwa Matroni kabla ya kuwasha mkaa, nisipate kisingizio. Nilibisha, nikaingia, sikuketi.

"Nilipiga upande mmoja," nikasema. "Siku nne. Na ua ni mimi niliyemwambia aanike."

Alikuwa anaandika. Akaweka kalamu chini. "Siku zipi?"

Nikamtajia.

"Ikiwamo siku ya wageni?"

"Hata kile ulichoshika."

Nilitaka anifokee. Mimi ningefoka. Yeye akasema polepole, "Nilikuuliza, Mama. Nilikuuliza kwa adabu kwa sababu ni wewe."

"Uliniuliza."

"Nimeshaandika barua kwa wakubwa. Nimeandika jina la yule binti."

"Andika nyingine."

"Hii itakuwa na jina lako."

"Liandike vizuri. Watu huwa wanalikosea."

Hakucheka. Mimi pia sikusema kwa mzaha. Nilipofika mlangoni akaniuliza, "Kwa nini? Nilikuletea msaada ukaukataa."

Nilikuwa na goti, nilikuwa na mkaa, nilikuwa na muuguzi anayedai vitambaa. Nikasema, "Siku ya kwanza nilichoka. Zile nyingine, niliona hakuna aliyegundua."

Ijumaa, 12 Aprili

Twiga anakaa nyuma ya mashine ya kusaga, chumba kimoja. Nilimkuta anafua nguo za watu kwenye beseni mbili, mabega yamelowa. Watoto wake walikuwa wanazikunja zilizokauka. Hakunikaribisha kiti wala hakunifukuza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Nikamwambia yote pale pale nimesimama, nimeshika ukuta.

Akaendelea kufikicha kola ya shati. "Najua."

"Matroni amekwambia?"

"Nani aliyekuwa anabeba marundo kuyapeleka wodini, Mama? Ni mimi. Upande wa ndani ulikuwa na ubaridi. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Nikakosa pa kuuweka uso. "Kwa nini hukusema mbele ya Matroni?"

Hapo ndipo alipoinua macho. "Nani angeniamini? Mimi wa miezi minane, na wewe miaka ishirini na sita. Nilikungoja useme. Mpaka nafika langoni nilikuwa natembea taratibu, nikidhani utaniita."

Mtoto wake mdogo akauliza huyu ni nani. Twiga akasema, "Ni bibi wa kazini."

"Nami niliona na nikanyamaza," akaongeza. "Ningeweza kukwambia wewe peke yako, Mama, rudia upande huu. Nilikuogopa. Hilo ni langu, nalibeba mimi. Lakini la kwako libebe mwenyewe."

Nikamwambia Matroni atamwita arudi.

"Nitarudi. Nina hawa wawili. Lakini usije ukafikiri tumemaliza."

"Sifikiri."

"Na ukikuta naimba, niache niimbe."

Jumapili, 14 Aprili

Nimeomba dakika moja baada ya matangazo, nikawaambia kina mama kwamba Jumapili iliyopita waliitikia amina kwa mtu mwongo. Nikaeleza kifupi. Mama Mchungaji alinikumbatia mlangoni, wengine walipita pembeni, na mmoja, ambaye mjukuu wake alikuwa miongoni mwa wale saba, alisimama mbele yangu kana kwamba atasema, akaondoka.

Mjukuu hakunishika mkono njiani. Tulipofika nyumbani akaingia ndani na fagio, nikamsikia anafagia chini ya kitanda changu, kwa nguvu, anagongagonga miguu ya kitanda. Ana haki.

Jumatatu, 22 Aprili

Twiga karudi. Matroni amempa kupiga pasi nguo za watoto. Mimi nimepewa mapazia na shuka za wodi ya wanaume, na barua yangu imewekwa kwenye faili. Hakuna tena Mama Pasi, naitwa kwa jina langu. Matroni alinitaka nimfundishe Twiga. Nikaanza kumwambia namna ya kushika, akasema, "Nimekuona miezi minane, Mama, najua." Anajua kweli. Anapiga pole kuliko mimi, anageuza, anapima joto kwa kiganja, anarudia mishono. Nilitaka kumwambia aongeze kasi. Nikaendelea na pazia langu.

Ijumaa, 26 Aprili

Mapazia ishirini na nane. Hakuna mgonjwa anayelala juu ya pazia. Nimepiga pande zote.

Alhamisi, 2 Mei

Leo, nikikunja shuka, maneno yalikuja yenyewe: Bwana, kuna mtu anakuja. Nikaishia hapo. La kumpokea sikuthubutu kuliomba, nikiwa mimi ndiye niliyewapokea wale saba namna ile. Nikachukua shuka nyingine.

Jumatano, 8 Mei

Mvua zimepungua. Asubuhi yule mama wa sabuni kasimama mlangoni mwa dobi. Habari zilikuwa zimemfikia, niliona usoni. Twiga aliacha pasi, akatoka nje bila kuambiwa.

Nikasimama. "Sabuni yako sijaigusa. Nikurudishie?"

"Sikufuata sabuni."

Akamfungua mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya meza yangu, kwenye pazia lililokuwa bado na joto. Mtoto kanenepa. Kainua kichwa, kakitikisatikisa, kakilaza tena. Mama yake akampandisha fulana mpaka mabegani.

"Hesabu," akaniambia.

"Mwanangu..."

"Hesabu, Bibi. Kwa sauti."

Makovu yalikuwa madogo, ya mviringo, yanang'aa. Nilianzia begani. Macho yangu si mazuri, ikabidi nifuate kwa kidole, na ngozi yake ilikuwa laini sana, na kila nilipogusa alitulia, alidhani anabembelezwa. Moja. Mbili. Tatu. Mama yake hakunisaidia. Nilipofika karibu na kiuno nilikosea, akasema, "Hapo umeruka," nikarudi.

Kumi na moja.

Akamshusha fulana, akamfunga, akasema, "Haya," akaondoka naye. Kisha nikaweka mkaa, nikapepea, nikalirudia lile pazia toka mwanzo.